NANI ALIPE NAULI YA NJIA ISIYO NA FAIDA?

(Maneno ya halmashauri ya tawi mbele ya wanachama, Wasini)



Tumekuja na jambo moja tu. Wanachama wa upande wa Diani wametuuliza: je, chama chetu kiwaunge mkono wale wasemao kwamba Serikali itoe fedha ili ndege ziendelee kuja Ukunda katika miezi ya masika, wakati viti vingi huwa vitupu? Swali hili ni la haki. Ndege zikipungua, wageni hupungua. Wageni wakipungua, mwenye hoteli hufunga vyumba, na wa kwanza kuambiwa akae nyumbani mpaka aitwe ni mpishi, ni mtandika vitanda, ni mtunza bustani. Mashua za kuleta wageni huku Wasini nazo hulala zimefungwa kamba. Kwa hiyo hili si jambo la matajiri peke yao, ni letu pia.

Jibu letu twalitoa mapema, mtu asikae akingoja. Sisi twakubali kwamba Serikali ilipie njia isiyo na faida. Lakini twasema fedha hiyo ilipie njia, isilipie kampuni. Tena ianzie pale ambapo mtu hana njia nyingine ya kupita. Kwa kipimo hicho, mashua ya Wasini yatangulia mbele ya ndege ya Ukunda. Twajua maneno haya hayatawapendeza wanachama wote, na ndiyo sababu twaomba mtusikilize mpaka mwisho, kisha mtukosoe.

Fedha ya namna hii huitwa ruzuku. Neno hili ni ndugu wa neno riziki, shina lao ni moja. Riziki ni kile anachopewa mtu ili aishi. Basi ruzuku ya safari ni kile inachopewa njia ili iishi, wakati nauli za abiria peke yake haziwezi kuilisha. Tukilikumbuka shina la neno, hatutapotea. Tutauliza kila mara: aliyelishwa ni nani? Ni njia, au ni mtu aliyekaa kando ya njia na kinywa wazi?

Tuangalie hesabu ilivyo. Tuseme, kwa mfano tu, ndege ina viti 70. Ikiruka na watu 70 au ikiruka na watu 15, rubani hulipwa yule yule, mafuta huungua karibu yale yale, ushuru wa kutua ni ule ule, na fundi huikagua vile vile. Lakini nauli zilizoingia ni za watu 15. Mwenye kampuni atafanya nini? Atapandisha nauli, na hao 15 watakuwa 8. Ama atapunguza safari, na wenye haraka watatafuta njia nyingine. Mwisho ataiondoa ndege na kuipeleka mahali penye watu. Kwa daftari lake amefanya sawa. Lakini yule aliyebaki uwanjani na mgonjwa wake, au na samaki wake, au na barua ya kuitwa kazini, daftari hilo halimjui.

Sasa liacheni neno ndege, litieni neno mashua. Nahodha wa kutoka Shimoni hungoja abiria watimie, kwani mafuta ya mashine ni yale yale akivuka na mmoja au akivuka na kumi. Asubuhi ya siku ya soko hangoji sana. Alasiri yenye mvua hungoja mpaka watu wachoke. Na usiku, mama akishikwa na uchungu, hakuna cha kungoja: jamaa zake huikodi mashua nzima, nao wailipe nzima. Hiyo ndiyo njia isiyo na faida. Wenzetu wa Nairobi huisoma katika makaratasi ya uchumi, sisi twavuka juu yake kila siku. Kisiwa hiki hakina daraja wala barabara ya gari ya kukifikia. Asiyevuka kwa chombo havuki.

Tena ruzuku si kitu kigeni kwetu. Yeyote kati yetu aliyekwenda Mombasa amepita kivuko cha Likoni, na kama alikwenda kwa miguu hakulipa hata senti. Magari hulipa, na Serikali hujazia. Shirika la feri lenyewe lilizoea kutaja watu wapatao 300,000 kwa siku. Je, kivuko kile kingeendeshwa na mtu mwenye kutaka faida kwa kila kichwa, mfanyakazi wa bandarini akaaye Likoni angelipa ngapi kwa mwezi, kwenda na kurudi? Angeacha nyuma sehemu ya mshahara wake majini. Hiyo ni ruzuku, ijapokuwa hakuna aiitaye kwa jina hilo. Ni ruzuku njema kwa sababu inamfuata mtu wa miguu.

Lakini Likoni na jirani yake Mtongwe zatufundisha na jambo la pili, na ni la msiba. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na ufuko. Watu 272 walikufa. Feri iliyoruhusiwa kubeba watu 300 ilikuwa imebeba wapatao 400, na wengi wao walikuwa wafanyakazi waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Basi tusidhani kwamba chombo cha Serikali kikivuka watu kazi imekwisha. Safari iliyotiwa fedha bila kutiwa matunzo, bila hesabu ya watu wanaoingia, bila mabaharia wa kutosha wenye uwezo wa kusema “basi, chombo kimejaa” na wakasikilizwa, hiyo ni deni, na siku ya kulilipa wanaolipa ni abiria.

Hayo ni ya majini. Sasa twende kwenye ndege zenyewe, kwani habari yake hapa Afrika Mashariki ni ndefu, na sisi wafanyakazi tumo ndani yake.

Mwaka 1946 lilianzishwa shirika la East African Airways, mali ya Serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Lilipanda mpaka likafika London, na katika miaka ya 1960 lilikuwa na ndege za Comet na kisha VC10. Wakati ule ule ndege ndogo za shirika hilo hilo zilikuwa zikitua Tanga, Unguja, Lindi na Mtwara. Njia nono na njia nyembamba zilikula sahani moja. Faida ya huku ilifunika hasara ya kule. Mpango huo ni mzuri maadamu wenye sahani wanapatana. Walipoacha kupatana, kila nchi iliona kwamba ndiyo inayobeba mzigo wa mwenzake, na hapakuwa na hesabu iliyokubaliwa na wote ya kuonyesha njia ipi imekula kiasi gani na nani ailipie. Wazee husema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Mapema mwaka 1977 shirika lilikufa, na Jumuiya yenyewe ikafa mwaka huo huo. Kenya ikaunda Kenya Airways, Tanzania ikaunda Air Tanzania.

Na wafanyakazi je? Hapo ndipo tutakapo mtie masikio. Ndege zilikuwa na wa kuzigombea. Viwanja vilikuwa na mwenyewe. Malipo ya uzeeni ya waliofanya kazi katika mashirika ya Jumuiya hayakuwa na mwenyewe. Nchi tatu zilitia sahihi mapatano ya kugawana mali na madeni mwezi wa Mei 1984, miaka 7 baadaye. Na zaidi ya miaka 30 baada ya 1977, wazee waliokuwa vijana wa reli, posta, bandari na ndege walikuwa bado wakidai haki zao mjini Dar es Salaam, mahakamani na barabarani. Wengi walikufa wakidai. Hilo ndilo somo la kwanza: fedha ya Serikali ikiingia katika safari bila kuandikwa nani alipe nini na kwa ajili ya nani, siku ya ugomvi anayeachwa na bili mkononi ni mfanyakazi.

Tutazame na watoto wa shirika lile.

Kenya Airways iliuziwa watu binafsi mwaka 1996, na KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26. Miaka mingi ya hasara ikafuata. Mwaka 2017 madeni yalipangwa upya: Serikali ikabaki na asilimia 48.9, mabenki yakapata asilimia 38.1, na wafanyakazi kupitia mfuko wao wa hisa hawafiki hata asilimia 3. Mwaka 2023 kampuni ilipata hasara ya shilingi bilioni 22.7. Mwaka 2024 ilitangaza faida ya bilioni 5.4, faida ya kwanza kwa zaidi ya miaka 10. Katika miaka hiyo yote Serikali ilisaidia kwa mikopo na kwa dhamana. Hatusemi ilikosea kuokoa ajira za maelfu ya watu. Twauliza tu: katika fedha hiyo, shilingi ngapi zilikwenda kumvusha abiria wa mji usio na njia nyingine, na ngapi zilikwenda kulipa kodi ya ndege na riba ya mabenki? Fedha ikiisha kutiwa katika mfuko mmoja wa kampuni, swali hilo halijibiki.

Tanzania nako ni hivyo hivyo. Air Tanzania ilifufuliwa mwaka 2016 kwa ndege mpya zilizonunuliwa na Serikali, na ikaanza tena kufikia miji ya mbali. Mtu wa Songea au wa Mpanda ajuaye safari ya basi ilivyo ndefu hawezi kuilaumu ndege. Lakini Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alionyesha hasara ya shilingi bilioni 35.2 za Tanzania kwa mwaka 2021/22, bilioni 56.6 kwa mwaka 2022/23, na bilioni 91.8 kwa mwaka 2023/24, na hali shirika lilikuwa likipewa ruzuku. Sehemu ya hasara ilitokana na ndege za Airbus zilizokaa chini kwa ubovu wa injini zilizotoka kiwandani. Basi je, hasara ile ni gharama ya kumhudumia mtu wa Songea, au ni gharama ya injini? Mwananchi akiona jumla moja tu, atasema njia za mikoani ndizo zinazokula fedha, na kesho zitaanza kufungwa hizo. Njia nyembamba hubebeshwa dhambi ya njia zote.

Ndiyo maana twasema: ilipiwe njia, isilipiwe kampuni. Na hili si ndoto yetu. Zipo nchi zinazofanya hivyo, na yafaa tujue zilipofaulu na zilipokwama.

Marekani mwaka 1978 iliondoa amri zilizokuwa zikizilazimisha kampuni kuruka njia fulani kwa nauli fulani. Miji midogo iliogopa kuachwa. Katika sheria ile ile ikawekwa ahadi: mji uliokuwa na ndege hautaachwa hivi hivi, Serikali italipa kampuni itakayokubali kuhudumia. Ilisemwa ni kwa miaka 10, na mpaka leo mpango ungaliko. Umesaidia watu wa mbali sana, kama wa Alaska. Lakini pia umelipia ndege zirukazo karibu tupu katika miji iliyo karibu na viwanja vikubwa, mahali ambapo mtu angeweza kwenda kwa gari. Mwishowe Bunge lao likaweka mpaka wa kiasi cha kulipia kila abiria katika miji isiyo mbali. Walijifunza kwamba umbali na ukosefu wa njia nyingine lazima viandikwe, la sivyo mwenye sauti kubwa ndiye apataye.

India mwaka 2016 ilitunga mpango wa namna nyingine. Ndege zirukazo katika njia kubwa hutozwa kidogo, na makusanyo hayo hulipia njia ndogo. Kampuni hupewa njia kwa kushindana, kwa miaka 3, na nusu ya viti huuzwa kwa nauli iliyowekewa kikomo. Mwanzoni ilikuwa rupia 2,500 kwa safari ya saa moja. Ni mpango wenye akili, kwani mwenye nacho humsaidia asiye nacho, na imeandikwa. Lakini mkaguzi wao wa hesabu alieleza mwaka 2023 kwamba njia nyingi zilikufa kabla ya miaka 3 kutimia au mara baada yake. Kampuni zilikuja kwa ruzuku na zikaondoka pamoja nayo. Kwa hiyo muda nao ni sharti la kufikiriwa.

Na kaskazini ya Scotland, katika visiwa vya Orkney, kuna ndege irukayo kutoka Westray hadi Papa Westray. Safari yake ni dakika 2 tu, kilomita 3 hazitimii. Ni mkono mdogo wa bahari, mfano wa huu wetu. Papa Westray ina watu wasiofika 100. Hakuna daftari la faida litakaloikubali safari hiyo. Lakini halmashauri ya visiwa huilipia kwa mkataba, na kampuni ya Loganair imekuwa ikiiruka tangu mwaka 1967. Mwalimu hupanda, mgonjwa hupanda. Halmashauri hainunui kampuni. Hununua safari: ratiba fulani, nauli fulani, kwa muda fulani. Ikiwa watu wasiofika 100 huko waonekana wastahili, watu wa Wasini na Mkwiro wamekosa nini?

Sasa turudi pwani yetu ya kusini, tuseme kweli juu ya miaka tuliyoipita.

Mwezi wa Mei 2014, baada ya mashambulio ya kigaidi nchini, Serikali ya Uingereza iliwaonya watu wake wasije Mombasa, na mamia ya watalii waliondoshwa kwa ndege kabla ya siku zao kwisha. Mahoteli mengi yalifungwa, Diani nako yakafungwa. Mnakumbuka. Kuanzia mwaka 2016 Serikali ya Kenya iliweka mpango wa kuzivuta ndege za kukodiwa za watalii: zilizoteremsha watu Mombasa au Malindi zilisamehewa ushuru wa kutua, na kampuni zikapewa dola 30 za Kimarekani kwa kila mtalii. Wazo lilikuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi hatukulipinga, kwani njaa ilikuwa imeingia majumbani.

Lakini tazameni kipimo kilikuwa nini: kichwa cha mtalii. Mtalii akishuka uwanjani, fedha imelipwa. Kwamba hoteli aliyolala ilimrudisha kazini yule aliyeondoshwa mwaka 2014, au iliajiri vibarua wa siku kwa siku mahali pake, hilo halikuwa katika kipimo. Twasema hivi si kwa kulaumu, bali kwa kuonya: kisichohesabiwa hakilipwi. Tukiomba tena ruzuku ya ndege kwa namna ile ile, tutapata jambo lile lile.

Basi Ukunda je? Tuseme wazi. Ukunda kwatua ndege za kampuni zaidi ya moja, zinazoshindana wenyewe kwa wenyewe. Asiyeweza nauli ya ndege anayo reli na basi hadi Mombasa, anacho kivuko cha Likoni, na sasa iko barabara ya Dongo Kundu inayozunguka pasipo feri. Miezi ya masika ndege hupungua, ni kweli, lakini mtu hafungiwi ndani. Fedha ya umma ikilipia kiti kitupu cha Ukunda, itakuwa imelipia raha ya mtu mwenye njia nne, wakati mtu wa Wasini mwenye njia moja hajalipiwa hata nusu yake. Na huko kaskazini, Mandera na Wajir, ambako barabara ni ndefu na ina hatari zake, wanayo haki kubwa kuliko sisi ya kuzungumza juu ya ndege. Chama cha wafanyakazi hakiwezi kumnyang'anya aliye mbali zaidi ili kumjazia aliye karibu.

Tunawasikia wanachama wa mahotelini wakisema, “Nyinyi mwatutupa.” La, hatuwatupi. Shida ya mfanyakazi wa hoteli wakati wa masika si kiti cha ndege, ni mkataba wake. Mwajiri huchuma Desemba na Agosti, na mwezi wa Mei humpa mfanyakazi likizo isiyo na mshahara. Hiyo ni faida ya mwaka mzima inayogawanywa kwa mmoja tu. Dawa yake ni mapatano ya kazi yatakayogawanya mwaka wote, na hapo tutasimama nanyi mlangoni mwa mwajiri. Tukikubali kwamba dawa ni ruzuku ya ndege, tutakuwa tumemwondolea mwajiri mzigo wake na kuutwika umma, na bado hatutakuwa na neno moja la kumlazimisha atuweke kazini.

Tunawasikia na manahodha wetu wa hapa hapa. Wanasema, “Kaunti ikileta boti yake ya nauli nafuu, sisi na mashua zetu tutakula wapi?” Hoja hii ni nzito kuliko zote, na tusiipite juu juu. Boti moja kubwa ya Serikali ikija na kuua mashua ishirini, siku itakapoharibika kisiwa kitabaki bila cha kuvukia. Kwa hiyo sisi hatutaki boti ya namna hiyo. Twataka wale wale manahodha wapewe mkataba kwa zamu kupitia ushirika wao: mashua ya zamu iondoke saa iliyoandikwa, ikiwa na watu kumi au ikiwa na mmoja, na pengo la nauli lijazwe na Kaunti. Mashua ya usiku ikae tayari kwa mgonjwa, na nahodha wake alipwe kwa kukaa tayari, aitwe au asiitwe. Huko Orkney ndivyo wafanyavyo kwa ndege. Hakuna sababu isifanywe kwa mashua.

Na sheria ya kushikia iko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka feri na bandari ndogo mikononi mwa Serikali za Kaunti, isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na za kigeni. Habari ya ndege ilibaki kwa Serikali ya Taifa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba mashua yetu ingoje fedha ya Nairobi. Mlango wake uko Kwale, na njia ya kwenda Kwale twaijua.

Basi halmashauri yenu yapendekeza mambo haya, nanyi myajadili:

Kwanza, ruzuku yoyote, ya ndege au ya mashua, iandikwe kwa njia moja moja: kutoka wapi hadi wapi, mara ngapi kwa juma, kwa nauli gani, kwa muda gani.

Pili, zitangulie njia ambazo watu wake hawana nyingine. Wasini na Mkwiro hadi Shimoni ziwe katika orodha ya Kaunti ya Kwale.

Tatu, mkataba usomwe na watu wote. Mwezi wa Septemba 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma Nairobi kwa sababu ya mpango wa kuukodisha uwanja mkubwa kwa kampuni ya Adani ya India, mpango uliopikwa bila wao, na Novemba mwaka huo Serikali ikauvunja. Kungekuwa na uwazi tangu mwanzo, mgomo ungekuwa wa nini?

Nne, mkataba uwe na kifungu cha wafanyakazi: mshahara wa mwezi, bima ya ajali, michango ya uzeeni inayopelekwa kila mwezi na si kuahidiwa, na haki ya kujiunga na chama. Kampuni au ushirika utakaokataa kifungu hicho usipewe senti ya umma. Wazee wa 1977 watutoshe kuwa mfano.

Tano, usalama uwe ndani ya bei. Majaketi ya kuokolea, taa za usiku, idadi ya watu iliyoandikwa ubavuni mwa chombo, na baharia asiadhibiwe kwa kukataa kung'oa nanga chombo kikizidi.

Ndugu wanachama, hatukuja kuwaahidi kwamba haya yatapatikana mwezi ujao. Kaunti itasema haina fedha. Tuijibu kwa hesabu, si kwa kelele. Kwa hiyo twawaomba jambo dogo: kuanzia kesho, kila nahodha aandike katika daftari amevuka mara ngapi, na watu wangapi, amengoja kwa muda gani, na usiku ameitwa mara ngapi kwa mgonjwa. Akina mama waandike nauli walizolipa. Wanafunzi wasaidie wasioandika. Baada ya miezi 3 tutakuwa na karatasi ambayo hakuna ofisi inayo, nayo itaonyesha pengo ni shilingi ngapi hasa. Tutaichapa katika jarida hili, kisha tutaichukua Kwale, na wanachama wa Diani na wa Msambweni tuwaone nao siku hiyo, kama sisi tutakavyokuwa nao siku ya kuzungumza na wenye mahoteli.

Maswali sasa. Aanze nahodha yeyote asiyekubaliana nasi.

Umoja ni nguvu.